Maji mekundu ya mpangaji wetu yalivyogeuka bluu mbele ya macho yetu, Keko mchana kweupe

Wakuu, heri ya mchana kwenu mlio makazini, na nyie wenzangu mlio kwenye kochi.

Hii stori nimeikalia muda mrefu. Anayetaka kuiita chai anisubiri nimalize, sukari ataweka mwenyewe. Lakini naapa kwa friji langu, ambalo ndiyo mali yangu pekee hapa duniani, sijaongeza kitu.

Nijitambulishe kidogo.

Mie ni mtu wa ndani. Elimu yangu form four, matokeo tusiyaguse. Nakaa Keko, nyumba ya marehemu baba, pamoja na Bi Mkubwa wangu, mama mzazi. Kazi yangu ni barafu za ubuyu na ukwaju, nauzia dirishani. Mteja anagonga nondo, natoa mkono, napokea hela, natoa barafu. Kuna watu mtaa huu wananifahamu mkono tu. Jina langu Shabani, ila wananiita Shabani Ndani. Kuna siku nilitoka kwenda dukani, jirani akauliza nani amefariki.

Sasa chumba cha uani alipanga dada mmoja, Odilia. Mtu wa Masasi huko kusini, Mkristo, mpole, anasoma shahada ya pili na siku nzima anashinda maabara ya chuo. Mama alimpenda siku ya kwanza tu, maana alimwamkia kwa kupiga goti. Mie nilimpenda kwa sababu zangu, hizo tuziache.

Ijumaa moja akarudi na chupa ameiviringisha foili yote, kama chapati za safari.

"Kaka Shabani, friji la maabara limekufa. Naomba uniwekee hii mpaka Jumatatu. Isigande, isifunguliwe."

"Ni nini?"

"Dhahabu."

Nikacheka. Akafunua foili kidogo. Ndani mlikuwa na maji mekundu, yanang'aa, kama juisi ya rozela iliyochujwa mpaka ikatakata.

"Dhahabu gani nyekundu?"

"Ukiifanya chembe ndogondogo sana, ndogo kuliko chochote unachoweza kukiona, inakuwa nyekundu. Chembe zikikaa mbalimbali, nyekundu. Zikigandana, bluu. Ndiyo kazi yangu. Naangalia protini zinavyozigandisha."

Nikajibu "Aaah, sawa sawa," kwa sauti ya mtu aliyeelewa. Wakuu, mie protini naijua ya maharage.

Nikaiweka mlangoni mwa friji. Na mlangoni mle mle ndimo ilimokaa chupa ya kombe la mama.

Kwa wasio wa pwani: kombe ni aya zinaandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zinaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Mie nimenyweshwa tangu mdogo, sina maneno nalo. La mama lilikuwa jekundu, maana maalimu wake anaichanganya zafarani na rangi. Na lilikuwa kwenye chupa ya maji ya kawaida, saizi ile ile.

Foili ingetuokoa. Ila asubuhi yake niliifunua ili niitazame vizuri hiyo dhahabu, nikaona uvivu kuirudishia. Mjue basi mnazungumza na mtu wa aina gani.

Mama alikuwa anaumwa. Kizunguzungu, moyo kwenda mbio, viganja vyeupe kama vya mtu aliyeshinda anafua. Akisimama lazima ashike ukuta. Hospitali tukimwambia, jibu lake lilikuwa "kesho." Kesho yake, "kesho" tena.

Jumamosi akaja Shangazi Mwanahawa kutoka Mbagala, dada yake marehemu baba. Shangazi akiingia kwenye nyumba hatangulizi mguu, anatanguliza pua. Akanusa ukumbi, akanusa ua, akasimama mbele ya mlango wa Odilia uliofungwa.

"Huyu mpangaji wenu kazi yake nini?"

"Anasoma, shangazi. Yuko maabara."

"Huko maabara anafanya nini?"

"Anagandisha vitu."

Wakuu, ningekaa kimya tu.

"Anagandisha vitu," akarudia taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Na wifi yangu ameanza kuishiwa nguvu lini?"

Nikawaza. Kizunguzungu cha mama kilianza wiki ile ile Odilia alipohamia. Hivyo vitu viwili sikuwahi kuviweka pamoja. Shangazi ndiye aliyeviweka, na vikashikana hapo hapo, sikuweza tena kuvitenganisha.

Alasiri ikaingia.

Keko muda huo ni makelele. Mafundi samani wanaranda mbao barabarani, misumeno inalia, harufu ya vanishi na vumbi la mbao mpaka kwenye chai. Ghafla umeme ukakatika. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja.

Kimya cha Keko mchana kweupe si kitu cha kawaida. Nilimsikia nzi anatua kwenye sahani.

Mama alikuwa amelala mkekani ukumbini. Shangazi akaenda mwenyewe kwenye friji kuchukua kombe. Akatoka na chupa, akamimina kwenye bakuli jeupe, akakaa kitako, akaanza kusoma. Ana sauti nzuri shangazi yangu, hilo simnyimi. Alipomaliza akainama, akayapulizia yale maji na kuyatemea mate kidogo, yale manyunyu tu, pfu, pfu, kama wazee wetu wote wanavyofanya wakisomea maji.

Akalizungusha bakuli. Akamnyanyua mama kichwa.

Hapo ndipo nilipoona wekundu unakufa.

Sina neno jingine. Ulianza kuzimika pembeni ya bakuli, ukaja ndani polepole. Yale maji yalikuwa kama yanafikiria. Yakawa rangi ya zambarau. Zambarau ikaiva. Halafu ikaingia bluu chafu, ile ya jeraha la siku ya pili. Hakuna moshi, hakuna povu, hakuna harufu. Yamekaa tu, yanageuka.

"Mama usinywe!"

Nadhani ni mie niliyepiga kelele, ila sauti haikuwa yangu.

Shangazi aliliweka bakuli chini kama limemchoma. Mie nikaiangalia chupa, nikaona shingoni kipande cha foili kimebaki. Nikasema, kwa nia nzuri kabisa:

"Shangazi, hilo siyo kombe. Ni la Odilia hilo. Ni dhahabu."

Nilidhani nazima moto.

"La Odilia," akasema. "Kwa hiyo kaliweka mwenyewe, pembeni ya kombe la mgonjwa. Jekundu lile lile. Wifi yangu alinywe."

Kabla sijajibu, nondo za dirisha zikagongwa. Mama Nasra, jirani, alifuata barafu. Sijui alisimama pale tangu saa ngapi.

"Yamekuwa bluu! Nimeyaona kwa macho yangu! Yamesomewa yakawa bluu!"

Barafu akaisahau. Akaingia ndani.

Shangazi akasema maji yamemkataa mtu, na lazima tujue nani. Akaagiza vikombe vya kahawa, vile vidogo vyeupe. Akamimina kidogokidogo humo. "Kila mmoja ateme chake. Yakimgeukia, huyo ndiye."

Akaanza yeye, kuonyesha hana hofu. Pfu. Tukasubiri. Bluu.

"Haya, hayo yameniona mie nimeshika lile bakuli," akasema haraka.

Mama Nasra, pfu. Bluu. Akaanza kulia palepale, akasema yule kuku aliyemchinja mwaka juzi ni kweli alijua ni wa jirani. Hakuna aliyemuuliza.

Nikabaki mie.

Kinywa kilikuwa kimekauka, nikapata tone moja tu la kusingizia. Likadondoka katikati. Wakuu, changu ndicho kilichowahi kugeuka kuliko vyote. Hakikupitia hata zambarau. Kiliingia bluu moja kwa moja, kikawa kama maji ya wino.

Nilikaa nikikitazama. Nikajiuliza hivi inawezekana mtu ukawa mchawi bila kujua? Mie naweza, maana mambo yangu yote huwa nayafanya bila kujua. Nikapitisha ulimi kwenye meno taratibu, kama kuna mtu mwingine mule.

Mama mkekani akasema kwa sauti ndogo, "Nyie, acheni michezo na vitu vya watu." Hakuna aliyemsikiliza.

Wakati huo Mama Nasra alishatoka. Na mjue Mama Nasra akitoka, hatoki peke yake. Nilichungulia dirishani. Kwanza aliongea na mtu mmoja. Huyo akamvuta wa pili, na wa pili akamvuta fundi mmoja mwenye vumbi la mbao kichwani, umeme hakuna, kazi hana. Wakasogeleana. Hawakuwa na kelele hata kidogo. Walikuwa wanakusanyika tu mbele ya geti letu, mabega yamegusana, wanatazama mlango wa uani.

Na Odilia akatokea barabarani, kabeba mkoba, anarudi zake.

Watu walimpisha njia. Walivyompisha ndicho kilichonitisha. Hakuna aliyeitikia salamu yake.

Akaingia. Akaona vikombe. Akaiona chupa yake imebaki nusu, akafumba macho kidogo.

"Shikamoo shangazi. Nani amefungua?"

Shangazi hakuitikia. Akamimina kikombe kipya, akakisukuma mbele yake. "Tema."

"Nini?"

"Tema humo tuone. Wenzako wote wametema."

Odilia akanitazama. Mie nikatazama friji.

Akakasirika. Sikuwahi kumuona amekasirika. Akakusanya mate, akajaza mdomo, akayatema yote kwenye kikombe kwa hasira, kile kikombe kikakaribia kumwagika. Akakitikisa, akakirudisha kwenye sinia kwa kishindo.

Tukainama wote.

Mekundu.

Tukasubiri. Mekundu. Katikati ya vikombe vya bluu kimekaa kimoja, chekundu, kinametameta kama jicho.

Nilidhani ndiyo basi, amepita mtihani. Si sheria ilisema yakigeuka ndiye? Wakuu, sheria ilibadilishwa mpira ukiwa hewani.

"Mmeona?" Shangazi akasema kwa sauti ya chini sana. "Sisi wote yametugeukia. Yeye hayamgusi. Yanamjua mwenyewe."

Nywele zilinisimama. Kwa sababu, ukikaa ukumbini mle, na kile kimya, na vile vikombe, yale maneno yalikuwa na akili.

"Shangazi, ni protini," Odilia akasema. "Mate yana protini na chumvi. Protini ikiwa kidogo, moja inashika chembe hii na chembe ile, zinavutana, zinagandana, rangi inageuka. Ikiwa nyingi, kila chembe inapata koti lake, haigandi na mwenzake. Nyie mmetema manyunyu. Mie nimejaza mdomo. Basi, hakuna kingine."

Maelezo mazuri. Yangefaa sana darasani. Lakini dirishani mtu akalisema lile neno. Mchawi. Halikusemwa kwa nguvu. Likarudiwa nyuma yake na mwingine, na mwingine.

"Shabani," Shangazi akasema, "kalitoe godoro lake. Aondoke kabla hao hawajaingia. Namsaidia."

Na kweli alikuwa anamsaidia, hapo ndipo penye ubaya. Mnajua watu wakishashikana getini na neno lile mdomoni inavyokuwa. Akitoka peke yake na godoro, atapita katikati yao. Akibaki, watamfuata. Nikasimama. Miguu yangu, ambayo haipendi kwenda hata dukani, ikaanza kwenda uani. Nikalishika godoro la mtu aliyempigia mama yangu goti. Lilikuwa jepesi sana.

Nikasikia mkeka unakwaruza.

Mama amekaa. Kashika ukuta, anahema, uso hauna rangi. Akaburuta sinia kwake.

"Shaa, rudisha godoro la watu."

"Mama..."

"Rudisha. Odilia mwanangu, umesema kujaza mdomo?"

"Ndiyo, mama. Hata kama ni mie mwenyewe, nikitema kidogo yatageuka."

"Nimiminie."

Shangazi akataka kuzuia. "Wifi, wewe mgonjwa, usijiingize."

"Mie ndiye ninayeumwa, au unaumwa wewe? Tangu mchana mnanisemea tu."

Alichukua muda mrefu kujaza ule mdomo, mtu mwenye kizunguzungu. Tulikuwa tunamsikia. Dirishani nyuso zimebanana kwenye nondo. Akatema. Odilia akakitikisa kikombe, akakiweka.

Wakuu, sijawahi kuomba rangi ibaki kama nilivyoomba siku ile.

Ilibaki. Nyekundu pyu, pembeni ya ile ya Odilia. Vikombe pacha.

Mama akakishika kile chake akakiinua juu, wa dirishani wakione. Halafu akamgeukia Shangazi.

"Haya wifi. Na mie mchawi. Nimezaa na kaka yako, nimemuuguza mpaka nimemzika, kumbe mchawi. Tutoeni wote wawili. Shabani, leta na godoro langu."

Hakuna aliyecheka.

Odilia akachukua kikombe kingine, akatema manyunyu tu, pfu, kama sisi. Tukaangalia wekundu wake mwenyewe unakufa, unapita zambarau, unaingia bluu. Mtu yule yule, maji yale yale.

Ndipo Shangazi akajifunika ushungi vizuri, akasema anawahi gari.

Umeme ukarudi. Randa zote zikalia kwa mpigo, watu dirishani wakashtuka kama wameamshwa. Wakaanza kuachiana mmoja mmoja, kila mtu akijifanya alikuwa anapita. Mama Nasra akaulizia barafu yake.

Jumatatu Odilia hakwenda maabara, alimpeleka mama hospitali. Safari hii hakukubali neno "kesho." Walisema damu imepungua sana, wakampa dawa na maelekezo, na sasa hivi ninavyoandika anafokeana na muuza mchicha, kwa hiyo amepona. Odilia yupo bado uani. Chupa nyingine ipo frijini, mama kaibandika karatasi kwa mwandiko wake: SI KOMBE.

Nilichojifunza? Odilia alivyonieleza kuhusu zile chembe, mie nilielewa siku ile ile, ila sikuelewa kwa chembe. Nilielewa kwa lile geti. Kila mtu alikuja na kitu kidogo tu. Mmoja kasikia bluu, mwingine kasikia dhahabu, mwingine kasikia Masasi. Hicho kidogo ndicho kilichowashikanisha. Angekuwepo mmoja aliyesikia habari yote, asingepata wa kushikana naye. Kwa hiyo mkisikia jambo la mtu, jazeni mdomo kwanza. Msiteme manyunyu.

Ningeishia hapo, mngesema stori nzuri yenye mafunzo. Ila kuna kitu kimenikalia vibaya na sina wa kumuuliza.

Kile kikombe changu, kilichogeuka haraka. Kesho yake maji yalikuwa meupe kabisa, na chini kumetulia vumbi jeusi. Odilia akaniambia ndiyo dhahabu hiyo, imegandana mpaka imezama. Nikakiosha. Nimekiosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Chini kabisa bado kuna kivuli cha bluu, duara, ukubwa wa tone.

Nikamuonyesha Odilia. Akakigeuza juani muda mrefu. "Dhahabu huwa inaacha alama kwenye chombo," akasema. "Ila mie hapa naona peupe."

Nikamuonyesha mama. "Peupe. Kapime macho."

Basi, nikasema ni mie na akili zangu za kukaa ndani.

Jumapili iliyopita Shangazi alirudi, mpole, na mkungu wa ndizi. Akamuomba Odilia msamaha kwa njia yake, yaani alimlazimisha kula. Mama akaandaa kahawa, na katika kuharakisha, kikombe kile kikaangukia mikononi mwa Shangazi. Akanywa. Alipofika mwisho akachungulia ndani.

Akachungulia tena. Akakifuta na kidole gumba, kwa nguvu.

Halafu akanyanyua macho akanitazama mie. Hakumtazama mtu mwingine yeyote. Akakigeuza kifudifudi juu ya sinia, taratibu.

Kwa hiyo tunaokiona kile kivuli mpaka sasa ni wawili. Odilia haoni. Mama haoni.

Kati yetu sisi watatu tuliotema kumsaka mchawi, amebaki Mama Nasra. Muda huu yupo hapo dirishani anagonga nondo, anataka barafu. Kikombe kiko mezani pembeni ya simu, kifudifudi bado.

Mnanishauri nini wakuu? Nimpe achungulie, au nimpe barafu yake aende?